Mbono wa Kaburi na Mbono Mwekundu

Ukiitwa kwenda kuangalia mbono, kwanza shuka kwenye pikipiki. Nawaandikia ninyi maafisa ugani mnaobaki Bariadi, kwa sababu siku ya kuniaga mlinisifu kwa mengi, lakini hakuna aliyetaja mbono, na hilo ndilo jambo ninalolijua kuliko mtu yeyote mkoa huu mzima. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada. Anayevitaka akavisome huko. Hapa nitaandika habari za vichaka viwili vya jamii moja, na jinsi mimi, mwenye diploma, nilivyoshindwa kuvitofautisha.

Nilizaliwa Ipililo, wilaya ya Maswa, katika nyumba iliyochunga ng'ombe wa watu wengine. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa, nikaenda Tanga kukata mkonge. Mchana nilikata mkonge, jioni nilisoma masomo ya posta kwa taa ya kibatari, na wenzangu kambini walinicheka hadi walipochoka. Nikapata kidato cha nne, nikapata cheti cha kilimo, nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala barua ya mkubwa yeyote. Siku niliyorudi nyumbani mama aliishika ile diploma kichwa chini miguu juu, akasema inanukia vizuri. Nadhani alimaanisha bahasha.

Nilipangiwa ofisi ya kilimo Bariadi, pale Somanda, wakati soko huria linaingia kwa miguu yote miwili. Simiyu haikuwa mkoa bado. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilikuwa na mawakala kila njia panda, kila mmoja na mizani yake. Dawa ya kunyunyizia, mbegu, majembe ya kukokotwa, vyote vilihamia madukani. Mtu mwenye lori aliitwa wakala, na mwenye malori mawili aliitwa kampuni.

Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jeupe na tai. Kwenye benchi nje ya ofisi nilimkuta mtu mzima mwenye kofia ya manyoya, anakata kucha kwa kisu cha kuunganishia miche. Huyo alikuwa Mzee Kashindye, bwana shamba msaidizi, mwenye cheti cha miezi tisa tu.

"Mwangaluka," akaniambia, salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

"Wewe ndiye diploma tuliyoambiwa?"

"Ndiye mimi."

"Haya, Diploma. Ule pale ni mti gani?" Akanyoosha kisu kuelekea uzio wa ofisi.

"Jatropha curcas," nikasema. "Jamii ya Euphorbiaceae. Kwa Kiswahili mbono wa kaburi."

"Mbuzi anaula?"

"Hali. Una sumu."

"Umemwona mbuzi akikataa, au umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi kesho tutakwenda kumwona mbuzi."

Na kweli kesho yake tulikwenda, tukakaa saa nzima tukimwangalia mbuzi. Nilijiona nimedhalilishwa. Kuanzia hapo wilaya nzima iliniita Diploma, na mwanzoni nilidhani ni heshima.

Mzee Kashindye alikuwa na utaratibu wake, nao nawaachia ninyi bila malipo. Mti usiutaje mpaka umefanya mambo manne: sugua jani kwa kidole gumba, vunja kikonyo uone utomvu, angalia ua, pasua tunda uone mbegu. Nilikuwa na lenzi ndogo ya kukuzia niliyoinunua mwenyewe Morogoro, nikaona inatosha. Yeye lenzi yake ilikuwa kidole gumba.

Sasa niwaeleze mibono yenyewe. Mbono wa kaburi mnaujua. Jani lake ni pana, lina kona tano zisizokatika ndani sana, na ukilisugua ni laini, halinati. Ua lake ni dogo, la kijani kilichochanganyika na manjano, unaweza kupita mara kumi usilione. Tunda ni kubwa kama ndimu changa, likikauka linakuwa jeusi, na ndani mna mbegu nyeusi, ndefu kama punje kubwa ya karanga. Gome la shina la zamani linabanduka vipande vyembamba kama karatasi. Haujisambazi ovyo. Unashika kwa fimbo tu: ukichomeka mti mbichi ardhini, unaota. Ndiyo maana wazee wetu wengi wasio na saruji waliuchomeka kichwani pa kaburi. Mbuzi hali, moto hauuli upesi, na mtoto wa mtoto atajua babu yake amelala wapi.

Mbono mwekundu ni ndugu yake, Jatropha gossypiifolia. Majani yake machanga yana rangi ya damu ya mzee, kona zake ni tatu hadi tano zilizokatika ndani, na kingoni na kwenye vikonyo kuna vinywele vyenye gundi. Ukiusugua, kidole kinanata. Ua lake ni jekundu la kuiva, zuri, mtu anaweza kulipanda mbele ya nyumba. Tunda ni dogo kama punje kubwa ya dengu, na jua likiwaka linapasuka, linatupa mbegu mbali. Ukikaa karibu nao mchana wa kiangazi unasikia tap, tap, kama mtu anavunja vijiti. Yote miwili ina sumu kwenye mbegu, na mtoto akila atatapika mpaka alale hospitali. Yote miwili, na hili ndilo lililoniponza, hupukutisha majani kiangazi na kubaki fimbo za kijivu.

Mwaka wangu wa tatu hivi alikuja wakala mmoja na lori la miche. Alisema ni mbono wa kisasa kwa ajili ya uzio, na mbegu zake zitanunuliwa kwa mafuta. Ofisi ilitaka uzio, kwa sababu watu walikuwa wanamaliza miiba yote porini. Mkubwa wangu akaniambia nikague mzigo. Nikapanda kwenye lori, nikatazama kwa lenzi, nikashuka.

Mzee Kashindye alichukua mche mmoja, akasugua jani. "Diploma, huu unanata."

"Ni mbegu iliyoboreshwa, baba."

"Na huu wekundu?"

"Ndio uboreshaji wenyewe."

Akanitazama. "Huko chuoni mliwahi kuuona?"

"Mbono ni mbono," nikasema, na nikasaini.

Mbegu zake hazikununuliwa na mtu yeyote, na yule wakala hatukumwona tena. Lakini miche iligawiwa katika vijiji sita, na mwaka uliofuata nikatumwa kuhesabu uzio uliosimama. Ilikuwa Agosti, barabara kavu, pikipiki ya ofisi mpya. Nilikuwa nahesabu kutoka kwenye kiti. Injini inawaka, naita jina la mwenye shamba, nahesabu mashina kwa kidole, naandika, naondoka. Nilimaliza vijiji sita kwa siku nne. Taarifa ile ilisifiwa sana, na mimi nilisaidia kuisifu.

Niseme madhara ya kwanza kwa kifupi. Mbono mwekundu uliruka kutoka kwenye uzio ukaingia kwenye ngitili, yale malisho tunayoyafunga mvua nzima ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ng'ombe hawaugusi, kwa hiyo kila mwaka nyasi zilipungua na wekundu ukaongezeka. Wafugaji walikuja ofisini kunitukana kwa Kisukuma, lugha ambayo ina matusi marefu na mazuri. Niliwajibu kwamba hawajui kupalilia.

Madhara ya pili yalichukua kama miaka kumi kufika. Niliitwa kwenye baraza la ardhi la kata moja, upande wa mbugani, nikathibitishe maandishi yangu.

Mlalamikaji alikuwa mjane, wote walimwita Mayu Nkwimba, yaani mama Nkwimba, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Mlalamikiwa alikuwa jirani yake, Bwana Seni, wakala wa kununua pamba. Kati ya mashamba yao kulikuwa na ukanda wa ardhi nyeusi, upana wake hatua ishirini na tano, na ndani yake mstari wa mibono. Mayu Nkwimba alisema katika mstari ule wamelala baba mkwe wake, mama mkwe wake, na mume wake, na kila mmoja ana mbono wake kichwani. Bwana Seni alisema hakuna kaburi pale, mstari mzima ni uzio alioupanda yeye kwa miche ya mradi, na alikuwa na ushahidi. Akatoa karatasi. Niliutambua mwandiko wangu kabla hajamaliza kuikunjua: Seni, uzio wa mradi, mstari wa mashariki, mashina arobaini. Saini yangu chini, kubwa, yenye mkia.

Vifusi vya makaburi vilikuwa vimesawazishwa na mvua na kwato. Hapakuwa na jiwe wala saruji. Waliozika walikuwa wamekufa au wamehamia Geita. Bwana Seni alikuwa amekwisha kukodi trekta. Likipita pale mara moja, ile mibono inang'oka, na yule mama anabaki na maneno tu.

Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza, "Haya ni maandishi yako?"

"Ni yangu."

"Ni kweli?"

Nakiri kwamba nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa naamini karatasi ile kwa sababu moja tu, kwamba niliiandika mimi. Lakini Mayu Nkwimba alikuwa ananitazama, akasema taratibu, "Mwulize kama alishuka."

"Kushuka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwenye pikipiki yake. Mimi nilikuwa napura mtama siku ile. Nilimwambia, karibu baba, shuka unywe maji. Akasema ana haraka."

Watu wakacheka. Mimi nikaomba tukaone mahali penyewe.

Tulikwenda kwa miguu. Ilikuwa Septemba. Mibono yote ilikuwa fimbo tupu, hakuna jani, hakuna ua, na chini mbuzi na upepo walikuwa wamefagia kila tunda. Nilipita mstari mara mbili. Mashina matatu yalikuwa manene kuliko mengine na yalibanduka gome, lakini Bwana Seni akasema, "Hata watoto wa baba mmoja, mmoja anakuwa mnene." Nikaomba siku mbili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kashindye. Alikuwa amestaafu, anafuga kuku nyuma ya nyumba yake Somanda. Nikamweleza yote, akaniacha niseme hadi mwisho huku anawarushia kuku pumba.

"Kwa hiyo Diploma amekuja kwa mtu wa cheti," akasema.

"Nimekuja, baba."

"Ulihesabu Agosti?"

"Agosti."

"Kiangazi mibono yote ni fimbo. Mimi mwenyewe siwezi kukuapia. Unataka kusema uongo au unataka kujua?"

"Nataka kujua."

"Basi omba mvua. Waambie wasilime mpaka itoe ua."

"Na kama yote itatoa ua jekundu?"

"Utakuwa umesema kweli kwa bahati, na yule mama atakuwa amepoteza shamba. Lakini gete, kweli kabisa, sidhani." Akanikabidhi kisu chake cha kuunganishia miche. "Chukua. Ile lenzi yako iache nyumbani."

Siku ya pili nilisimama mbele ya baraza, nikaomba kesi ingoje mvua na trekta lizuiwe. Bwana Seni alikasirika kwa haki, maana msimu wa kulima haumsubiri mtu.

"Miaka kumi karatasi hii ilikuwa sahihi," alisema. "Leo mwandishi wake anataka maua! Sisi tunagombea ardhi, yeye anataka kupamba harusi!"

"Kama ulikuwa na hakika ulipoandika," mwenyekiti akaniuliza, "mvua itakuambia nini usichokijua?"

Nikasema, "Nilipoandika sikuwa na hakika, mwalimu. Nilikuwa na haraka."

Mwenyekiti akaamuru mtu yeyote asiguse ukanda ule mpaka mibono itoe maua. Bwana Seni akaapa kwamba ikichanua myekundu yote atanidai mimi hasara ya msimu, na kwa jinsi alivyoninyooshea kidole nilimwamini.

Mvua ya mwaka ule ilichelewa. Nilipita pale kila wiki, kwa miguu kutoka njia kuu, na kila wiki Mayu Nkwimba alikuwa amekaa ukingoni na jembe lake, analinda. Mara moja aliniuliza kama ni kweli nilikata mkonge. Nikamwonyesha makovu mikononi. "Basi ulikuwa mtu," akasema, "kabla ya hiyo pikipiki."

Mvua ilipokuja, majani yalitoka ndani ya wiki chache. Sikumwambia mtu. Niliingia kwenye mstari, nikaanza kusugua, shina moja baada ya jingine, na kidole gumba kilinata, kilinata, kilinata. Kwenye shina la tisa kikateleza. Jani pana, laini, kijani kitupu. Nikakata kikonyo kwa kisu cha Mzee Kashindye, nikaangalia utomvu. La pili lilikuwa hatua nne mbele yake, la tatu nne tena. Matatu. Kama alivyosema.

Nikafanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya miaka kumi nyuma. Nilizunguka vijiji vyote sita vilivyopata miche ya lori lile, nikasugua uzio wa kila nyumba. Hakuna hata mmoja wa mradi uliokuwa laini. Maana yake ni hii: lori lile halikuleta mbono wa kaburi hata mmoja, na ile mitatu haikutoka kwenye mradi. Desemba, maua yalipofunguka, baraza lilirudi. Mstari wote ulikuwa mwekundu, isipokuwa sehemu tatu ambapo mtu alilazimika kusogea karibu ili aone kama kuna ua.

Bwana Seni hakukubali upesi, na simlaumu. "Wewe si ndiye uliyesema mbono ni mbono? Nilikusikia mwenyewe siku ya lile lori la miche."

"Nilisema."

"Sasa ni mmoja au ni miwili?"

"Ni miwili. Sugua mwenyewe, bwana."

Akasugua. Alisugua ule wa kunata, akasugua ule laini, akarudia. Kisha akapangusa kidole kwenye suruali.

Mwenyekiti akanipa kalamu na ile karatasi. Akaniambia niandike juu yake, mbele ya watu wote, kwamba si kweli, na sababu. Niliandika: mashina hayakukaguliwa, yalihesabiwa kwa kuangaliwa kwa mbali wakati wa kiangazi, matatu ni mbono wa kaburi na si ya mradi. Nikasaini bila mkia. Baraza likampa Mayu Nkwimba ukanda wake. Yaliyonipata ofisini baada ya karatasi ile kufika wilayani siyaandiki, yamo kwenye lile jalada na vyeo.

Ila niwaambieni kilichonitia haya kuliko jalada. Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata yule mama nikamwomba radhi, kwa Kisukuma, kwa maneno ya kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatembea hatua nne kupita mbono wa mume wake, akasimama mahali ambapo mbono mwekundu mmoja ulikuwa umejiotea, umejaa maua.

"Hapa ni pangu," akasema. "Mume wangu aliniachia nafasi. Sitaki kulala chini ya huu wa lori lako. Ung'oe."

Akanipa jembe lake. Nilivua koti, nikachimba kuzunguka shina, utomvu ukarukia shati jeupe ambalo halikutakata tena. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka mbali, nami kwa kutaka kuonyesha bidii nikazidi kuufuata chini, shimo likaanza kufika magotini.

"Inatosha, baba," akasema Mayu Nkwimba. "Usichimbe sana. Bado sijafa."